Mwaka Ambao Wanyama Alirudi Nyumbani

Mdogo wangu alirudi Machi mwaka huu, saa tano usiku. Alichagua hiyo saa makusudi. Alimwambia mwenye teksi amshushe kwenye stegi ya nyuma, akatembea na begi lake hadi kwa mlango, ili asikutane na mtu. Lakini mtaa wetu haulali. Kufikia saa mbili asubuhi mama mboga alikuwa ananiuliza, "Na huyo kijana amerudi?"

Hilo neno "amerudi" mnalijua. Kwetu si habari tu, ni hukumu. Ukitoka majuu na kontena la bidhaa, unaambiwa "amekuja." Ukitoka na begi moja, "amerudi."

Stori yake ni fupi. Ajenti mmoja alimwona kwenye mashindano ya mtaani, akamwambia ana kipaji, akamwahidi majaribio kwenye klabu ya daraja la pili katika nchi moja ya Ghuba. Ada ya shughuli: shilingi 150,000. Mama alikopa kwa chama. Kijana akafika huko, akawekwa kwenye chumba kimoja na vijana wengine kumi na mmoja, wakafanya mazoezi mara mbili na timu ambayo hata jina lake hakuambiwa vizuri, halafu simu ya ajenti ikaacha kuingia. Visa ikaisha. Wiki kumi tu, basi.

Tangu arudi hajagusa mpira. Ana miaka 19. Daluga ziko chini ya kitanda. Nikimwambia aende uwanjani ananijibu, "Sista, wataniangalia aje?"

Sasa nyinyi mnaonifuata mnajua kazi yangu hapa ni historia ya soka letu. Nimeandika kuhusu enzi za Ingwe na Gor, nimeandika kuhusu Oliech. Leo naandika kuhusu Victor Wanyama, lakini si yule mnayemjua. Naandika kuhusu Wanyama kabla hajakuwa Wanyama, na hasa kuhusu kipindi kimoja tunachokiruka kila tunapomtaja. Nilimsimulia mdogo wangu hii stori wiki iliyopita jikoni tukisubiri githeri iive, na nimeona niiweke hapa yote, kwa sababu najua si yeye peke yake aliyerudi.

Kwa kawaida hii historia tunaianzia mwisho. Tunaianzia Glasgow, tarehe 7 Novemba 2012, kona ya Charlie Mulgrew, kijana wetu anaruka juu ya mabeki wa Barcelona na kufunga kwa kichwa. Tulipiga kelele siku hiyo hadi majirani wakadhani kuna mwizi. Kutoka hapo tunaruka hadi Southampton, Tottenham, mwisho. Ukiisikia hivyo utadhani mtu aliamka siku moja Nairobi, akapanda ndege, akamfunga Barcelona.

Wacha turudi nyuma pole pole.

Victor Mugubi Wanyama alizaliwa tarehe 25 Juni 1991. Familia yao ilikuwa Muthurwa, ile mitaa ya zamani iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, pale kando ya Landhies Road. Leo ukitaja Muthurwa watu wanafikiria soko na matatu. Lakini kabla ya hiyo kelele yote palikuwa mahali pa familia za reli, na watoto walicheza boli kwenye vumbi kama mahali pengine popote Eastlands.

Baba yao, Noah Wanyama, alikuwa mchezaji wa AFC Leopards miaka ya themanini. Hii ni muhimu kuliko tunavyodhani. Ndani ya hiyo nyumba, mpira haukuwa kitu cha kupoteza muda baada ya shule. Ilikuwa kazi ambayo mtu mzima wa pale nyumbani alishawahi kuifanya. Dada yao Mercy alienda njia ya mpira wa kikapu na akacheza hadi Ulaya.

Na mbele ya Victor alikuwepo kaka mkubwa, McDonald Mariga, aliyezaliwa Aprili 1987. Huwezi kueleza maisha ya Victor bila kumweleza Mariga, kwa sababu kila mlango ambao mdogo aliupitia, kaka alikuwa ameshaugonga kwanza, na mara nyingine ulimfungia vidole.

Mariga alianzia kwenye ligi yetu hapa. Alipitia Ulinzi Stars, Tusker na Kenya Pipeline akiwa bado kijana mdogo, akigongana na wanaume wenye familia zao. Mwaka 2005 akaenda Sweden, kwenye klabu ndogo inayoitwa Enköping. Nani kati yenu alikuwa anaijua Enköping? Hakuna. Si Arsenal, si Madrid. Lakini mwaka huo huo Helsingborg wakamwona wakamchukua, na 2006 wakabeba kombe la Sweden. Kwenye kikosi hicho alikuwepo pia Henrik Larsson, ambaye alikuwa amerudi klabu yake ya nyumbani baada ya miaka saba ya kufunga mabao Celtic na mingine miwili Barcelona. Yaani kijana wa Muthurwa alikuwa anafanya mazoezi kila asubuhi na mtu wa kiwango hicho.

Wakati huo mdogo wake alikuwa bado Nairobi. Victor alikuwa kwenye akademia ya JMJ, akasoma Kamukunji High, shule ambayo kwa soka haihitaji utambulisho. Akapitia Nairobi City Stars, kisha akavaa jezi ya AFC Leopards, klabu ile ile ya babake. Na Mei 2007, akiwa na miaka 15, akaitwa Harambee Stars na kucheza dhidi ya Nigeria.

Miaka kumi na mitano. Mdogo wangu aliponisikia nikisema hivyo aliguna. "Unaona sasa? Huyo alikuwa tayari special."

Nikamwambia ngoja, bado sijafika.

Agosti 2007, Victor akaondoka. Alikuwa na miaka 16. Akaenda Sweden, Helsingborg, kwa sababu kaka yake alikuwa huko. Kwa mtaa hiyo ilikuwa imeisha. Kijana wa timu ya taifa, kaka tayari mchezaji wa kulipwa, klabu kubwa ya Sweden. Mtu yeyote angesema huyo ametoka, hatutamwona tena mpaka kwenye runinga.

Lakini Mariga akahamia Italia, Parma. Ilikuwa hatua kubwa kwake na nchi nzima tulifurahi. Ila kwa Victor ilimaanisha kwamba yule mtu aliyemfuata kule baridini ameondoka. Yeye hakuwahi kucheza timu kubwa ya Helsingborg. Na akarudi Kenya.

Soma tena hiyo sentensi. Wanyama alirudi Kenya.

Mchezaji ambaye baadaye alinunuliwa kwa mamilioni ya pauni, nahodha wetu wa AFCON, alienda Ulaya, haikushika, akarudi nyumbani. Haikufika hata mwaka mzima. Ukitafuta maelezo ya maisha yake, hapo utapata mstari mmoja tu, halafu wanakimbilia Ubelgiji. Nadhani wanakimbia kwa sababu mstari huo hauna bao, hauna kombe, hauna picha. Sitakudanganya eti najua alilia au hakulia, alijificha au hakujificha. Ninachojua ni kwamba alikuwa kijana wa miaka 16, ameenda Ulaya na amerudi bila kucheza timu kubwa, Nairobi hii hii tunayoijua na midomo yake.

Hapo mdogo wangu alinyamaza. Halafu akauliza swali moja tu. "Alikaa nyumbani muda gani?"

Miezi. Mwaka 2008 akaenda tena. Safari hii Ubelgiji, klabu ya Germinal Beerschot, jijini Antwerp. Akafanya majaribio, wakampenda, wakampa mkataba. Miaka 17.

Nataka tukae kidogo na Beerschot, kwa sababu vijana wengi hawapendi kusikia majina kama hayo. Kila mtu anataka kusikia Manchester. Lakini ligi ya Ubelgiji inaishi kwa biashara fulani: klabu zao hazina pesa za Uingereza, kwa hivyo zinatafuta vijana wa bei nafuu, nyingi kutoka Afrika, zinawapa mechi, wakikomaa zinawauza. Kijana anapata kitu ambacho klabu kubwa haiwezi kumpa, yaani dakika uwanjani. Victor alikaa pale misimu mitatu. Misimu mitatu ya kuwa kiungo mkabaji kwenye timu ambayo haikuwa inapigania ubingwa, akijifunza wapi pa kusimama, lini pa kuruka, lini pa kula kadi na lini pa kuacha mtu apite. Hakuna video ya hiyo kazi inayosambaa mtandaoni. Lakini hapo ndipo mwili wa mtoto uligeuka kuwa ule mwili tuliouona Glasgow.

Wakati huo huo kaka yake alikuwa anapata somo lingine. Januari 2010 Manchester City walitaka kumnunua kutoka Parma. Mambo yakawa karibu kuisha, kisha kibali cha kazi kikakwama. Sheria ya Uingereza wakati huo ilitaka nchi ya mchezaji iwe kati ya 70 bora duniani kwa wastani wa miaka miwili, na Harambee Stars hatukuwa karibu na hapo. Kwa hivyo si mguu wa Mariga uliokataliwa. Ni sisi. Ni miaka yetu ya vurugu kwenye shirikisho, mechi tulizopoteza, mechi ambazo hazikuchezwa, hayo yote yalikaa kwenye ile namba na namba ikasimama mlangoni kama askari.

Siku ya mwisho ya dirisha Inter Milan wakamchukua. Miezi michache baadaye, chini ya José Mourinho, Inter wakabeba mataji matatu, pamoja na Champions League waliyoshinda Madrid tarehe 22 Mei 2010 kwa mabao mawili ya Diego Milito dhidi ya Bayern. Mariga ndiye Mkenya wa kwanza kucheza mashindano hayo. Uingereza ilimkataa, akaishia kwa mabingwa wa Ulaya. Lakini pia tuseme ukweli: pale Inter hakupata nafasi ya kudumu, na majeraha yakamwandama. Klabu kubwa zaidi haikuwa mahali bora zaidi kwake. Mdogo mtu alikuwa Antwerp anaangalia hayo yote.

Julai 2011, Celtic wakalipa Beerschot kama pauni 900,000 wakamchukua Victor. Miaka 20. Alivaa jezi namba 67, heshima kwa kikosi cha Celtic cha 1967 kilichokuwa cha kwanza kutoka Uingereza nzima kubeba Kombe la Ulaya. Mgeni anayeanza kwa kuheshimu historia ya nyumba aliyoingia, wenyeji humpenda haraka. Msimu wake wa kwanza walibeba ligi.

Halafu ndiyo ikaja ile Novemba. Celtic walikuwa wametoka kutimiza miaka 125 tangu kuanzishwa tarehe 6 Novemba 1887. Usiku uliofuata Barcelona wakaja. Xavi, Iniesta, Messi. Barcelona walishika mpira zaidi ya asilimia 80 ya mchezo. Dakika ya 21, kona, kichwa, Wanyama. Dakika ya 83 kijana mwingine, Tony Watt, akaongeza la pili. Messi akafunga dakika za majeruhi, ikaisha 2-1.

Ukiangalia tena hilo bao, usiangalie kuruka tu. Angalia mahali aliposimama kabla ya kona kupigwa. Hapo ndipo utaiona Beerschot.

Julai 2013 Southampton wakalipa pauni milioni 12.5. Hakuna klabu ya Scotland iliyokuwa imewahi kuuza mchezaji kwa bei hiyo. Agosti akacheza, na akawa Mkenya wa kwanza kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, miaka mitatu na nusu baada ya kaka yake kukataliwa mlangoni. Alikuwa na miaka 22.

Sasa hesabu nami. Aliondoka Nairobi mara ya kwanza 2007. Aliingia Ligi Kuu ya Uingereza 2013. Miaka sita, nchi nne, na kurudi nyumbani mara moja katikati. Hiyo ndiyo njia ya yule tunayemwita mwenye bahati.

Nilipofika hapo mdogo wangu aliniangalia akasema kitu ambacho sikuwa na jibu lake la haraka. "Sawa, Sista. Lakini yeye alikuwa na Mariga. Mimi niko na nani?"

Ni kweli, na sitaki kuipamba. Historia hii haisemi kwamba ukijituma utafika. Inasema kinyume chake: Victor alifika kwa sababu babake alicheza, kaka yake alitangulia, Kamukunji ilikuwa na timu, Leopards walimpa jezi. Alipoanguka mara ya kwanza alianguka kwenye mikono ya watu waliojua mpira ni nini. Mtaani kwetu kuna vijana wenye miguu mizuri pengine kama yake, na wakianguka wanaangukia kwenye mdomo wa mama mboga.

Kwa hivyo nilimjibu kwa mambo mawili ambayo nina hakika nayo.

La kwanza ni kuhusu pesa inaelekea upande gani. Kwenye hii stori yote kutoka Antwerp hadi Southampton, angalia nani analipa. Celtic wanalipa Beerschot. Southampton wanalipa Celtic. Sheria za FIFA hata zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine katikati ya mkataba, asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Yaani mpira wa kulipwa umepangwa hivi: anayemtaka mchezaji ndiye anayetoa pesa. Siku ajenti anapokuja kwa mama yako na kumwambia yeye ndiye atoe, ujue hapo wewe si mchezaji, wewe ni mteja. Hiyo shilingi 150,000 ya chama haikulipia majaribio. Ilinunua chumba cha watu kumi na wawili. Aibu ya hilo si ya kijana aliyerudi, ni ya aliyeuza.

La pili: hakuna hata mmoja wa hao ndugu wawili aliyeondoka kutoka kwenye mashindano ya mtaani moja kwa moja. Mariga alikuwa amecheza ligi. Victor alikuwa amevaa jezi ya Leopards na ya taifa. Ligi yetu ina matatizo, mishahara inachelewa, viwanja ni vibaya, nayajua yote. Lakini ndiyo ngazi ya kwanza, na ajenti anayekwambia uiruke huwa anajua kwamba ukiipanda utapata watu wa kumuuliza maswali.

Githeri iliiva, tukala, hatukuongea tena hayo.

Jumamosi nilisikia kitu kikivutwa chini ya kitanda. Alitoka na daluga mkononi, amezifunga kwenye mfuko wa plastiki mweusi kama mtu anayebeba samaki, na akapita njia ya nyuma. Alirudi baada ya saa mbili, amechafuka hadi masikio. Alikuwa amecheza dakika 20 akatolewa. Pumzi hakuna, miguu imekuwa mizito, kijana wa Form Two amempita mara mbili. Alikuwa na hasira hata hakutaka chai. Mimi nilifurahi kimoyomoyo. Tangu Machi sikuwa nimemwona akikasirikia mpira. Alikuwa anakasirikia ukuta.

Sijui kama atakuwa mchezaji wa kulipwa. Kwa umri wake na pale alipo, pengine hapana, na hilo nimemwambia. Lakini kama ataacha, aache kwa sababu amepima mwenyewe, si kwa sababu mtaa ulimwona akishuka kwenye teksi usiku.

Na nyinyi wengine, najua kwenye ploti yenu kuna mmoja. Alienda Ulaya, Ghuba, au hata Dar kwa majaribio, na sasa yuko nyumbani anatembea usiku. Ukikutana naye kesho usimuulize ilikuwaje. Muulize Jumamosi mnacheza saa ngapi.